Matete ya Upande wa Juu

Kila siku alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, Isimbi alichukua mundu na kamba akaenda kutafuta majani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na nyumbani kwao Bihambwe alikuwa na ndama aliyemlea mwenyewe. Ndama huyo aliitwa Gaju kwa sababu ya rangi yake ya udongo mwekundu. Mama yake Gaju alikufa akimzaa, na tangu hapo Isimbi alimnywesha maziwa kwa chupa, akamfunika gunia wakati wa baridi, akamzoea mpaka watu wakamtania kwamba siku moja atamleta darasani naye asome hesabu.

Zamani kazi ya majani ilikuwa nyepesi. Ng'ombe walipanda malisho ya juu asubuhi, wakarudi jioni wameshiba. Siku hizi hakuna aliyethubutu kupanda huko, kwa sababu ya wenye bunduki. Waliopanda, wengine walirudi bila ng'ombe, na wengine hawakurudi kabisa. Basi ng'ombe wote wa kijiji walibanana kwenye vipande vya chini, wakala mpaka udongo ukaonekana, na nyasi ikawa kitu cha kugombaniwa. Ukimwona mtoto wa Bihambwe anakimbia na mzigo wa majani kichwani, ujue amekata mahali asiporuhusiwa.

Maziwa ya ng'ombe hao yalimtegemea mtu mmoja yafike sokoni, naye ni Papa Sébastien. Alikuwa na pikapu kuukuu ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alfajiri alianzia Kibabi, akapita Bihambwe kuchukua bidoni, yale madumu ya maziwa, akateremka nazo hadi soko la Sake kabla jua halijayachachusha. Alibeba pia maharagwe, wagonjwa, na akina mama waliokaribia kujifungua. Yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wa wakulima, watu wa Masisi tangu zamani sana, na sote tunajua kwamba kati ya wenye mashamba na wenye ng'ombe maneno hayakosi. Ng'ombe akiingia kwenye maharagwe ya watu, kijiji kizima hakilali. Lakini ndani ya pikapu ya Sébastien maziwa na maharagwe yalisafiri pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Asubuhi moja pikapu hiyo ilivunjika springi kwenye kona kali, mwendo mfupi kupita kijiji. Sébastien hakulaani wala hakupiga teke gurudumu kama wafanyavyo wengine. Alipakia maziwa kwenye pikipiki ili yasiharibike. Akaisukuma pikapu mpaka ikagusana na ukingo wa mlima, akaweka mawe chini ya magurudumu. Kisha akakata matete.

Katika barabara zetu hicho ndicho kibao cha hatari. Gari likiharibika, dereva hukata matete, yale majani marefu ya kijani, akayalaza barabarani kwa mafungu, upande wa juu na upande wa chini, mbali kidogo na gari. Anayekuja akiyaona anapunguza mwendo, maana anajua mbele kuna kitu kimesimama. Masisi nzima hata mtoto anayenyonya anajua maana yake. Sébastien alilaza mafungu mazito pande zote mbili, akapanda pikipiki ya mtu kwenda Sake kutafuta springi nyingine.

Isimbi aliyaona matete hayo mchana, akiwa anarudi na kijifungu cha nyasi kavu ambacho Gaju angekimaliza huku akimtazama kuomba kingine. Yalikuwa mabichi, laini, yamekatwa siku hiyohiyo, yamelala barabarani bila mwenyewe. Alijua ni ya nini. Tuseme ukweli tangu sasa, alijua kabisa. Lakini tamaa haikosi maneno, nayo ilimwambia kwamba pikapu ni kitu kikubwa, nani asiyeiona? Ikamwambia kwamba magari siku hizi ni machache. Mwisho ikamwambia achukue ya upande wa juu tu, ya upande wa chini ayaache, kana kwamba kosa likikatwa katikati linakuwa jambo jema.

Aliyafunga kwa kamba, akajitwisha, akapanda njia ya mkato juu ya ukingo. Hajafika mbali akasikia lori.

Lilikuwa lori la manjano, limejaa mbao na magunia ya makaa, likiteremka kutoka pande za Masisi kwa mwendo wa mtu aliyesahau kwamba barabara ina kona. Lilipozunguka, dereva aliiona pikapu mbele yake. Breki zikalia. Lori likayumba, likaipiga pikapu ubavuni, mawe yakaruka kutoka chini ya magurudumu, na pikapu ikasukumwa hadi ukingo wa pili wa barabara. Ikaning'inia kidogo pale, kisha ikabiringika bondeni mpaka kwenye kijito. Isimbi alilala chini ndani ya vichaka, kifua kikiwa juu ya mzigo wake wa matete.

Dereva alishuka. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia nyekundu. Akaenda hadi ukingoni, akachungulia bondeni.

"Muntu iko ndani?" akaita. "Eeh! Muntu iko?"

Hakuna aliyejibu, maana hakukuwa na mtu. Tumpe haki yake, aliuliza. Lakini alipojua kwamba hakuna maiti, alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Alipoona hakuna anayemwona, akavua kofia, akaokota vipande vya taa yake iliyovunjika, kimoja kimoja, akavitia ndani ya kofia. Akapanda, akaondoka. Nyuma ya lori hilo palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: SINA HARAKA. Na tangu barabara hiyo ilimwe, sidhani kama imewahi kupitwa na lori lenye haraka kama lile.

Isimbi angeweza kupiga kelele. Angeweza kukimbilia kijijini na kusema ameona nini. Lakini wangemuuliza alikuwa akifanya nini pale, na jibu lilikuwa chini ya kifua chake. Alijitwisha mzigo, akaenda nyumbani. Gaju akala matete yote, akalamba hata kamba.

Jioni watu walijaa kwenye kona. Sébastien alifika kutoka Sake na springi mpya mapajani, amekaa nyuma ya pikipiki. Alishuka, akatazama mahali alipoacha gari, akafuata alama za magurudumu hadi ukingoni. Akasimama pale huku bado ameishika ile springi. Kila mtu alingoja aulize ni nani aliyefanya hivi. Hakuuliza. Alitembea akapanda upande wa juu wa kona, akarudi.

"Matete yangu ya ku juu iko wapi?" akasema.

Aliyemjibu ni Rukundo, mwendesha pikipiki aliyejifanya hakimu wa kila jambo. "Papa Sébastien, matete iko ku chini tu. Ku juu haikuwe kintu."

"Niliweka. Niliweka ku juu na ku chini."

"Kama uliweka, iko wapi? Ilisimama ikatembea?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Isimbi alikuwa amesimama nyuma ya kitenge cha mama yake, Daphrose. Alitamani mama amuulize kitu chochote, na aliogopa mama asije akamuuliza.

Sasa sikilizeni jinsi kosa dogo linavyokua. Shirika la madereva pale Sake lilikuwa na sheria yake. Gari lililosimama likigongwa, jambo la kwanza kuulizwa ni majani. Asiyeweka majani pande zote mbili hana kesi, hata aliyemgonga akijulikana. Tena aliondolewa kwenye laini, asibebe tena watu wala mizigo, maana leo limegongwa gari tupu na kesho litagongwa lenye mama mjamzito. Ni sheria nzuri. Iliokoa watu wengi. Na sheria hiyo nzuri ndiyo iliyomwangukia Sébastien, aliyeiheshimu maisha yake yote.

Alikwenda Sake kujieleza, akarudi. Alisema "Niliweka" kanisani, akasema "Niliweka" sokoni, akamwambia hata mtu aliyempita njiani na ambaye hakumuuliza kitu. Mwishowe watu walipomwona anakuja walianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Akapewa jina: Papa Upande Moja. Alipolisikia mara ya kwanza aligeuka akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakusema tena "Niliweka".

Kijiji nacho kilionja uchungu. Pikipiki zilibeba maziwa kidogo tu, na siku za mvua hazikubeba kabisa. Akina mama waligawa maziwa kwa majirani, wakagandisha mengine, na yaliyobaki wakayamwaga. Mukandori, mke wa jirani wa akina Isimbi, alishikwa na uchungu wa kujifungua na akabebwa kwa machela mpaka kituo cha afya. Mtoto alizaliwa amechoka sana, akaishi siku chache tu. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba gari lingemwokoa. Lakini kila mtu alifikiri hivyo, na waliokutana na Sébastien njiani waligeuza macho.

Isimbi alilia peke yake zizini. Gaju alizidi kunenepa. Akajiambia kwamba atasema kesho. Kesho ilipofika, jambo lilikuwa limekuwa kubwa zaidi ya jana, na mdomo ukawa mzito zaidi.

Sébastien alikuwa na binti, Mapendo, aliyesoma darasa moja na Isimbi. Wavulana walimwimbia njiani: "Upande Moja, Upande Moja, gari yenu iko na upande moja!" Mapendo alikuwa msichana mkali wa maneno, lakini siku hizo alitembea kichwa chini. Kisha akaacha kuja shule.

Isimbi alimkuta kwenye chemchemi, anachota maji.

"Mapendo, juu ya nini hauji tena ku masomo?"

"Nitakuja kufanya nini? Papa anaenda Walikale, ku machimbo. Anaenda siku ya soko ikipita. Mama iko na mashamba peke yake, basi mimi njo nitabaki na batoto badogo."

Machimbo ya Walikale yalijulikana Bihambwe. Baba wa wavulana wawili wa darasa lao walikwenda huko kuchimba. Mmoja alifukiwa na udongo shimoni. Wa pili hakuna aliyejua yuko wapi.

"Asiende," Isimbi akasema.

"Atafanya nini hapa? Hakuna muntu anamupa gari." Mapendo aliinua ndoo yake, akaitua tena. "Unajua kintu njo inaniumiza? Mwanzo alikuwa anasema niliweka, niliweka. Jana alikaa karibu na moto, akaniambia: 'Mapendo, labda ni kweli. Labda sikuweke. Labda niko nazeeka, nilifikiri tu nimeweka.' Papa yangu, Isimbi. Anaanza kuamini bale bantu."

Akajitwisha ndoo akaenda. Isimbi alibaki pale, ndoo yake ikajaa na kumwagika, ikajaa na kumwagika. Kumnyima mtu gari lake ni jambo baya. Lakini kumfanya mtu asiamini tena macho yake na mikono yake mwenyewe ni wizi ambao hakuwahi kuufikiria, naye alijua mwizi ni nani.

Asubuhi iliyofuata baba yake, Rugamba, alikuwa anakamua. Daphrose alishika chungu cha maziwa. Isimbi alisimama mbele yao, akasema yote bila kupumua: matete, kamba, lori, kofia nyekundu, SINA HARAKA. Alipomaliza, Rugamba aliendelea kukamua kwa muda, lakini maziwa yalikuwa yanaangukia chini, nje ya chungu.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna, Papa."

"Basi nyamaza." Rugamba aliinuka, akajipangusa mikono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. "Unajua batasema nini? Batasema ng'ombe ya Rugamba ilikula matete, mutoto ya Mukandori akakufa, mukulima akaenda kufia ku mashimo. Hawatasema mutoto Isimbi. Batasema bale ba ng'ombe. Na siku hizi, neno kama ile inaweza kuchoma nyumba."

Daphrose aliweka chungu chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Yule shofere alishuka," akasema. "Akaangalia. Akaona hakuna muntu anamuona. Akaenda. Si njo vile mutoto amesema?"

"Njo vile."

"Na weye sasa, Papa Isimbi, unaangalia huku na huku. Unataka tuende kama yeye?"

Ng'ombe alilamba maziwa yaliyomwagika. Rugamba aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani na kofia yake pana, akaenda kumfungua Gaju.

Walimkuta Sébastien uani kwake, anafunga mzigo wa safari: blanketi, sufuria na tochi. Mapendo na mama yake, Léontine, walikuwa wanachambua maharagwe. Rugamba alivua kofia, akamsukuma binti yake mbele kidogo.

"Ambia Papa Sébastien kile ulituambia."

Isimbi akasema. Safari hii alisema polepole, maana kila neno alilitoa huku Mapendo akimtazama. Aliposema "matete ya ku juu mimi njo niliyaondoa," ungo wa maharagwe ulimwanguka Léontine.

Sébastien alikuwa amepiga goti akikaza kamba. Aliiacha.

"Uliyakuta ku juu?" akauliza taratibu. "Uliyakuta barabarani?"

"Ndiyo, Papa."

"Yalikuwa mengi?"

"Yalikuwa mengi sana. Sikuweza kufunga yote mara moja, nikayakanyaga ili yaingie ku kamba."

Sébastien alikaa chini, palepale kwenye udongo. Akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. "Niliweka," akasema. "Léontine, unasikia? Niliweka. Sikuzeeka. Niliweka." Alilia mtu mzima mbele ya watoto wake, na Léontine akaja akakaa karibu naye, akalia pia. Mapendo hakulia. Alimtazama Isimbi kwa macho makavu, na macho hayo yalimchoma kuliko fimbo.

Rugamba akaivuta kamba ya Gaju. "Ndugu yangu, sina gari. Niko na hii ndama. Ilikula matete yako, basi iko yako."

Kwa watu wa ng'ombe, kumpa mtu ndama ni neno kubwa kuliko maneno mengi, na Sébastien alilijua hilo. Alimtazama Gaju. Akatikisa kichwa.

"Nikuambie aksanti, lakini rudisha ndama yako. Ndama haiseme. Mimi nataka mutoto. Aende na mimi Sake, aseme mbele ya bale bashofere kile amesema hapa."

Rugamba akainyoosha tena kamba ya Gaju, maana kutoa ndama kulikuwa rahisi zaidi.

"Ataenda," Daphrose akasema nyuma yao. Alikuwa amewafuata.

Walikwenda siku ya soko. Ofisi ya madereva pale Sake ilikuwa kibanda cha mbao karibu na njia panda, ambapo barabara za Goma, Masisi na Minova zinakutana. Mkubwa wao aliitwa Papa Sebarenzi, dereva wa zamani aliyeacha kazi baada ya macho kuchoka. Isimbi alisimama katikati ya wanaume waliomnukia mafuta ya gari, akasema yake. Aliposema SINA HARAKA, watu waligeukiana, maana lori lilikuwa limeegeshwa nje palepale, na dereva wake alikuwa anakula sambusa kivulini.

Waliita jina lake: Ntwari. Akaja na kofia yake nyekundu kichwani, anapangusa midomo.

"Mimi? Ile siku sikupite Bihambwe," akasema.

"Ulishuka, ukauliza kama muntu iko ndani," Isimbi akasema. "Uliokota taa yako, ukatia ndani ya ile kofia."

Sebarenzi aliwatuma vijana wakatazame lori. Taa moja ilikuwa ya zamani, ya pili mpya kabisa, na ubavuni kulikuwa na mkwaruzo uliopakwa rangi juu juu. Ntwari aliona mlango umefungwa, akatafuta dirisha.

"Haya. Nilipita. Lakini mumesikia mutoto! Yeye njo aliondoa majani. Kama majani haiko, shofere atajua namna gani? Mimi niko na kosa gani?"

Wanaume wengi walinung'unika kukubali. Mmoja alisema wazi kwamba wapigwe faini wenye ng'ombe, na Rugamba akaishika kofia yake kwa nguvu. Isimbi alidhani mambo yamekwisha. Ukweli wake alioubeba kwa shida yote ile ulikuwa umemsaidia yuleyule aliyekimbia.

"Ngojeni," Sebarenzi akasema kwa sauti ya chini, na watu wakanyamaza ili wamsikie. "Ntwari, juu ya kugonga, muko bawili, weye na huyu mutoto. Ile tutaipima. Lakini juu ya kukimbia, uko peke yako. Nani alikuondolea majani ya kukimbia? Ungerudi ku Bihambwe, ungesimama, ungesema: nimegonga gari ya muntu, haikuwe majani. Bantu bangetafuta majani siku ile ile. Sébastien hangeitwa mujinga mbele ya mutoto wake."

Ntwari aliinamisha kichwa. Akasema lori si lake, na mwenye lori angemfukuza, naye ana watoto. Huenda ilikuwa kweli. Akaahidi mbele ya wote kwamba atakuja Bihambwe na fundi na minyororo, waitoe pikapu kijitoni, watengeneze kinachoweza kutengenezwa. Wakashikana mikono. Sebarenzi akatangaza kwamba Sébastien aliweka majani pande zote mbili na kwamba amerudi kwenye laini.

Ningependa kuwaambia kwamba Ntwari alikuja. Hakuja. Waliomwona walisema lori lilipanda kuelekea Walikale, na nyuma yake pamepakwa rangi nyeusi juu ya yale maandishi. Mwenye lori alipoulizwa, akasema hamjui Ntwari. Pikapu ilibaki kijitoni. Mvua zikaifukia nusu, watu wakang'oa vilivyobaki, na mlango wake mmoja ukawa mlango wa banda la mbuzi. Mtoto wa Mukandori alibaki kaburini. Mukandori hakuwahi kumsemesha Isimbi tena, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Shuleni jina la Upande Moja lilikufa, likazaliwa lingine: Mwizi wa Matete. Isimbi alilibeba. Mwalimu wake, Mama Godelieve, aliwakataza wanafunzi, lakini huwezi kuwakataza watoto njiani. Mapendo alirudi darasani akakaa benchi la mbele, mbali naye.

Ndiyo, alirudi, kwa sababu baba yake hakwenda Walikale. Mtu mmoja wa Sake, aliposikia jinsi Sébastien alivyotunza sheria hata ilipomwonea, alimpa gari lake aliendeshe. Halikuwa la Sébastien na halingekuwa lake. Lakini maziwa ya Bihambwe yalipata tena njia ya kuteremka.

Asubuhi ya kwanza Isimbi alileta bidoni ya kwao barabarani. Sébastien alikuwa juu ya gari, anapanga mizigo. Wakabaki wawili, maana Rugamba alikuwa bado anakuja nyuma.

"Papa Sébastien," Isimbi akasema, "gari yako haitarudi?"

"Haitarudi."

"Unisamehe, Papa."

Sébastien aliketi kwenye ukingo wa gari. Hakuwa na haraka ya kumfariji, na nadhani alifanya vyema.

"Nikisema sina hasira, nitakudanganya," akasema. "Nikipita pale ku kona, ninauma meno. Nilifanya kazi miaka mingi juu ya ile gari. Lakini sikiliza, maana weye ungali mutoto na utaharibu vintu vingine bado. Kuharibu kintu ya muntu, inaweza kufika kwa kila muntu. Hata mimi nimegonga mbuzi ya bantu, nimevunja mulango ya bantu. Muntu akisha kuharibu, anabaki ama anaenda. Pale njo anachagua. Ntwari alienda. Hata pale Sake, akisha kunishika mukono, alienda tena. Na weye pia ulienda ile siku, na majani yako ku kichwa."

Isimbi aliinama. Machozi yalimdondokea kwenye kifuniko cha bidoni.

"Uliniacha wiki nyingi," Sébastien akaendelea. "Ungekuja mapema, ingekuwa vizuri zaidi kwa bantu wengi. Usisahau ile. Lakini gari yangu haikurudi, na Ntwari hakurudi. Weye ulirudi."

Akanyoosha mkono.

"Sasa leta bidoni. Jua inapanda."